Dakta Schweinfurth na Mbwa wa Kengele



Katika sehemu hii ya Kiswahili tumezoea kusoma habari za wasafiri wa zamani kama Livingstone, Speke, Stanley na Joseph Thomson, na nadhani ni wachache kati yetu ambao hawakuulizwa habari zao katika mtihani. Leo nataka kuwaeleza maisha ya msafiri mwingine, ambaye hakufika Busia wala Tororo, na ambaye jina lake si jepesi kwa ulimi wetu. Jina hilo ni Georg Schweinfurth. Alikuwa Mjerumani, bingwa wa elimu ya mimea, naye aliona mambo mengi ya ajabu katika nchi zilizo kati ya Nile na Kongo. Lakini mimi nimemchagua kwa ajili ya mnyama mmoja mdogo ambaye alimweleza kwa mistari michache tu katika kitabu chake kikubwa. Mnyama huyo ni mbwa.

Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Busia. Malori yaendayo Kongo hupita kwetu na kwa jirani zetu wa Malaba usiku na mchana, na madereva wa Bunia na Beni huongea nasi Kiswahili, ingawa chao hakifanani sana na chetu. Sisi twasema watu, wao mara nyingi husema batu. Kwa hiyo, nilipokuta katika kitabu cha mbwa wa dunia jina la Basenji, sikuhitaji kufungua kamusi. Ondoa ba- uweke wa-, utapata neno ambalo kila mtu aliyewahi kutukanwa analijua. Nikataka kujua imekuwaje mbwa akapewa jina la namna hiyo, na mbwa mwenyewe alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kupewa. Kutafuta huko ndiko kulikonifikisha kwa Dakta Schweinfurth.

Kwanza nimtaje mbwa tunayemjua sote. Ukitembea kutoka Samia hata Nagongera hutakosa kumwona katika miji ya watu, amejilaza penye majivu. Rangi yake ni nyekundu kama vumbi la njiani, kifua na miguu ni nyeupe, masikio yamesimama, na mkia umejikunja juu ya mgongo. Wengine humwita mbwa koko na kumrushia jiwe. Babu yangu mzaa mama, katika vilima vya Samia, alikuwa na watatu wa namna hiyo, naye hakuwarushia mawe. Wakati wa kiangazi, majani yakiisha kukauka, wanaume wa vijiji viwili au vitatu walitoka pamoja na mikuki, marungu na mbwa. Mbwa waliingia matetemeni na kumtoa sungura, au paa, au ndezi, yule panya mkubwa mwenye nyama tamu, na watu wakamngojea upande wa pili. Nyama ilipogawanywa, mwenye mbwa hakukosa fungu lake.

Sisemi kwamba mbwa wa babu na mbwa wa Kongo ni kabila moja. Wa babu walibweka usiku kucha, na wa Kongo habweki. Lakini kwa sura ni jamaa, na kwa kazi pia ni jamaa. Sasa nirudi kwa Mjerumani wetu.

Georg Schweinfurth alizaliwa tarehe 29 Desemba 1836 katika mji wa Riga, ambao siku hizo ulitawaliwa na Urusi na leo ni mji mkuu wa nchi ya Latvia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kijerumani. Kijana huyu alisoma katika vyuo vikuu vya Heidelberg, Munich na Berlin, na tangu mwanzo moyo wake ulikuwa katika majani na miti. Alipokuwa Berlin alipewa kazi ya kupanga mimea iliyokaushwa, iliyoletwa na wasafiri kutoka nchi za Nile. Fikirini kijana ameketi katika chumba cha baridi huko Ulaya, anageuza karatasi moja baada ya nyingine, na ndani ya kila karatasi mna ua lililochumwa kwenye jua la Sudani. Akatamani kuyaona maua hayo yakiwa hai. Mwaka wa 1863 akasafiri kwenda Misri, akazunguka katika pwani za Bahari ya Shamu na sehemu za Nile mpaka Khartoum, akarudi kwao mwaka wa 1866 na mzigo mkubwa wa mimea.

Safari hiyo haikumshibisha. Mwaka wa 1868 alipata fedha za msaada wa masomo zilizowekwa kwa jina la Alexander von Humboldt, msafiri mashuhuri wa Ujerumani, na mnamo Januari 1869 akaondoka Khartoum kwa mashua, kupanda mto Nile Nyeupe kuelekea kusini.

Hapa sharti tuelewe jinsi alivyosafiri, maana jambo hili lina uzito. Schweinfurth hakuwa na jeshi kama Stanley. Alikwenda kwa miguu, na alisafiri chini ya ulinzi wa wafanyabiashara wa Khartoum, waliojenga maboma ya miiba katika nchi za ndani ili kukusanya pembe za ndovu. Watu hao walinunua pembe, lakini pia waliteka ng'ombe, na waliteka watu. Mwenyeji wake mkubwa alikuwa Mnubi mmoja, Muhammad Abu Sammat, aliyemfanyia ukarimu mwingi na kumfikisha mahali ambapo peke yake asingefika. Daktari alichukizwa na biashara ya watumwa, naye aliieleza waziwazi katika kitabu chake ili Ulaya ijue. Hata hivyo chakula alichokula njiani na ulinzi uliomfunika vilitoka katika mikono ya watu wa biashara hiyo. Mambo haya mawili yalisafiri pamoja ndani ya mtu mmoja, na tutayaona tena mbele.

Alipita katika nchi za Wadinka na Wabongo, na mwanzo wa mwaka wa 1870 akaingia katika nchi ya Wazande, iliyoko kaskazini-magharibi mwa kwetu, mbali ng'ambo ya Nile, mahali ambapo leo mipaka ya Sudani Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati inakutana. Wakati huo Wazande hawakuitwa Wazande na wageni. Waliitwa Niam-Niam, jina walilobandikwa na majirani, maana yake walaji, kwa sababu walisingiziwa na kuogopwa kuwa hula watu. Wao wenyewe hawakujiita hivyo. Msomaji aliweke neno hili akilini, maana jina la kubandikwa ni sehemu ya habari yangu.

Katika miji ya Wazande Daktari hakuona ng'ombe wala mbuzi wa kufugwa. Aliona kuku na mbwa tu. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama jani kwa jani, alimtazama mbwa kwa jicho lile lile. Alieleza kwamba mbwa hao ni wadogo, wana manyoya mafupi laini, masikio makubwa yaliyosimama daima, pua iliyochongoka, miguu mirefu iliyonyooka, rangi ya manjano iliyokolea na weupe shingoni, na mkia mfupi uliojikunja kama wa mtoto wa nguruwe. Kisha akaandika jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Shingoni mwa mbwa walifungwa kengele ndogo za mti, wasipotee katika majani marefu.

Kengele hiyo ya mti inatufundisha kazi ya mbwa huyu kuliko maneno mengi. Mbwa wa Ulaya akimwona mnyama hubweka, na mwindaji hujua yuko wapi. Mbwa wa Kongo hana mbweko huo. Akifurahi hutoa sauti kama ya mtu anayeimba kwa koo, na akiwa kazini hunyamaza kimya. Ukimya huo una faida, maana huweza kumkaribia mnyama kabla mnyama hajashtuka. Lakini una hasara pia, kwa kuwa katika majani yanayompita mtu kimo, au katika msitu mnene, mwenyewe hawezi kumwona wala kumsikia. Basi wazee wakachonga kipande cha mti, wakakichimba ndani, wakatia vijiti vya kugonga, wakamfunga mbwa shingoni. Wawindaji wakiwa njiani kengele hujazwa majani isilie. Wakifika mahali pa mawindo, nyavu zikiisha kutandwa, majani hutolewa na mbwa huachiliwa. Hapo sauti ya mti hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humwambia mwindaji mbwa yuko wapi, na humfukuza mnyama kuelekea kwenye wavu. Watu wa msitu wa Ituri, Wambuti na jirani zao, wamewinda na mbwa wa namna hii vizazi na vizazi.

Tena mwili wake wote umepimwa kwa kazi hiyo. Kimo chake hakizidi sana sentimita 40, na uzito wake ni kama kilo 10 au 11. Mbwa mzito angenaswa katika mizizi na miiba. Miguu mirefu humwezesha kuruka juu ya majani ili atazame mbele. Masikio yaliyosimama hushika sauti kutoka kila upande. Manyoya mafupi humfaa katika joto. Nyumbani naye hakukaa bure, aliwinda panya. Wala sitaficha kwamba katika nchi ile mbwa walinenepeshwa na kuliwa, na nyama yao ilihesabiwa kuwa tamu. Daktari aliyaandika yote mawili, nami nayataja yote mawili.

Kutoka kwa Wazande akaendelea kusini. Tarehe 19 Machi 1870 akafika kwenye mto Uele, naye alikuwa Mzungu wa kwanza kuufikia. Alidhani maji yake yaelekea Ziwa Chad. Baadaye wasafiri wengine walithibitisha kwamba Uele huingia Ubangi, na Ubangi huingia Kongo. Ng'ambo ya mto alikaribishwa na Munza, mfalme wa Wamangbetu, katika ukumbi wa ajabu uliojengwa kwa miti na makuti, mkubwa kuliko jengo lo lote alilotazamia kuliona huko. Alisifu sana uhunzi wa watu wale, uchongaji wao, na heshima ya baraza la mfalme. Na hapo ndipo alipowaona Waakka, watu wafupi wa msituni, ambao waandishi wa Kiyunani waliwataja zamani sana na ambao wasomi wengi wa Ulaya walidhani ni hadithi tu.

Sasa nafika mahali pagumu. Schweinfurth alikuwa na mbwa aliotoka nao katika safari, mbwa wa kawaida tu, lakini wakubwa kuliko vijibwa vya nchi ile. Munza akawatamani. Naye Daktari alitamani kumchukua Mwakka mmoja ampeleke Ulaya, wasomi wamwone kwa macho yao. Wakapatana. Daktari akatoa mbwa mmoja, na mfalme akampa kijana wa Kiakka aliyeitwa Nsewue.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara husimama hapo. Mfalme alimtoa mtu asiyekuwa wake kumtoa, na mgeni alimpokea. Hakuna aliyemwuliza Nsewue. Mkono ule ule ulioandika kwa uangalifu rangi ya manyoya na mkunjo wa mkia, ndio uliomweka mtu katika mizani pamoja na mbwa. Tena katika nchi hiyo Daktari alinunua mafuvu ya vichwa vya watu na kuyapeleka Berlin yakapimwe. Najua kuna wasomaji watakaosema kwamba hayo yalikuwa mambo ya zama zake. Ni kweli yalikuwa ya zama zake. Lakini Schweinfurth huyo huyo aliweza kuona ubaya wa biashara ya watumwa, basi si kwamba macho hayakuwapo. Alimpenda Nsewue kwa namna yake, alimlisha vizuri na kumvisha, na kumsikitikia. Hata hivyo bei ilikuwa imekwisha kulipwa.

Safari ya kurudi ilimwonjesha msiba. Mnamo Desemba 1870, akiwa katika boma moja la wafanyabiashara, moto ulizuka katika nyumba za nyasi. Kwa muda mfupi vikateketea nguo zake, baruti, dawa, vipimo vya hali ya hewa, mimea na wadudu aliowakusanya, na sehemu kubwa ya maandishi yake. Hakubaki hata na saa nzima ya kumsaidia kupima mwendo. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye akaamua kuhesabu hatua zake mwenyewe. Katika miezi sita iliyofuata alihesabu hatua 1,250,000, akiziandika siku kwa siku, ili ramani yake isiwe ya kubahatisha. Wanafunzi wanaochoka kuhesabu kurasa kumi za jiografia, nawaomba wamkumbuke mtu huyu.

Alifika Khartoum mnamo Julai 1871. Nsewue hakufika Ulaya. Baada ya hapo, katika safari ya kuelekea kaskazini, kijana huyo aliugua kuhara, akafariki katika mji wa Berber, mbali sana na msitu wake. Kwa hiyo hakuna aliyefaidika na ile biashara ya mbwa.

Kitabu cha safari, ambacho kwa jina kinataja moyo wa Afrika, kilitoka katika mwaka wa 1874 kwa Kijerumani, na kwa Kiingereza karibu na wakati huo huo. Kilimpatia sifa katika nchi nyingi. Mwaka wa 1875 Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alimwita Cairo kuanzisha chama cha elimu ya jiografia, akawa rais wake wa kwanza. Aliishi Misri kwa miaka mingi, akitembea majangwani na kuchunguza mimea. Makaburi ya wafalme wa kale yalipofunguliwa, alichunguza mashada ya maua yaliyowekwa juu ya maiti zao zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, na akaweza kuyataja maua hayo kwa majina. Na ni jambo la kupendeza kwamba katika michoro ya Misri ya kale wamo mbwa wenye masikio yaliyosimama na mikia iliyojikunja, wamelala chini ya viti vya mabwana wao. Mbwa wa sura hiyo si kitu cha jana katika bara letu.

Schweinfurth alifariki Berlin tarehe 19 Septemba 1925, akiwa na miaka 88, akazikwa katika bustani ya mimea ya mji huo. Jina lake lingali linaishi hata kwetu, ingawa hatulitambui. Sokwe wa misitu ya Kibale na Budongo huko Uganda, na wale wa Gombe huko Tanzania, katika vitabu vya elimu ya wanyama wana jina lake. Mwafu, mti mkubwa wenye matunda meusi yanayouzwa katika masoko ya Uganda, nao una jina lake. Mbwa peke yake hakupewa jina la Daktari. Alipewa jina jingine, na hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ya habari yangu.

Baada ya kitabu hicho na vingine vya wasafiri, watu wa Ulaya walianza kumtaka mbwa huyu. Mwaka wa 1895 wawili walionyeshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts huko London, lakini baada ya muda mfupi walikufa kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka wa 1923 bibi mmoja Mwingereza, Lady Helen Nutting, alichukua sita kutoka Sudani. Wote wakafa baada ya kuchanjwa chanjo ya ugonjwa huo huo, iliyokuwa bado changa siku zile. Hatimaye Bi Olivia Burn aliwaleta wengine kutoka Kongo wakaishi, na alipowaonyesha Crufts mwaka wa 1937 watu walisongamana kumtazama mbwa asiyebweka. Hapo ndipo jina la Basenji lilipoenea. Miaka ya 1940 Marekani nayo ikamkubali katika daftari lake la mbwa wa asili safi, na mwaka wa 1956 akaonyeshwa katika filamu ya sinema.

Lakini wazee waliosema mwacha asili ni mtumwa hawakusema bure. Mbwa wote wa Ulaya na Marekani walikuwa wametokana na wachache tu. Wakazaliana wao kwa wao, na magonjwa ya urithi yakajitokeza, ya damu na ya figo. Mwaka wa 1959 bibi mmoja aliyewapenda sana, Veronica Tudor-Williams, alisafiri mpaka Sudani ya kusini, katika nchi alizozieleza Schweinfurth, akarudi na jike aliyempa jina la Fula ili atie damu mpya. Hata hiyo haikutosha. Katika miaka ya 1987 na 1988 Wamarekani walikwenda tena mpaka vijiji vya Wazande katika Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire, wakaomba na kununua mbwa wa wawindaji. Mwaka wa 1990 daftari la Marekani, ambalo lilikuwa limefungwa, likafunguliwa kwa ajili ya mbwa hao. Tazameni basi: wataalamu wenye hospitali na maabara walirudi kwa mzee wa kijijini mwenye kengele ya mti, kwa sababu alikuwa na kitu walichokosa.

Na jina? Neno mshenzi lilitumiwa na watu wa pwani kumwita mtu wa bara, asiye wa dini yao wala mji wao. Lilipanda na misafara ya pembe na watumwa, likapita kwa njia ya Mumias, si mbali na hapa Busia, likavuka kwenda Busoga na Buganda, na kwa njia nyingine likafika Kongo na kuvaa ba- badala ya wa-. Walowezi wa Kenya nao waliliokota, wakawaita mbwa wote wa Kiafrika kwa neno hilo. Nasi tukalipokea. Leo mtu wa Tororo akitaka kumdharau mwenzake humwita kwa neno ambalo msafara uliotaka kumwuza babu yake ulimwita babu yake. Wazande waliitwa Niam-Niam, nasi tuliitwa washenzi, na mbwa wetu akapewa neno hilo liwe jina lake la heshima katika maonyesho ya London. Nadhani yeye peke yake ndiye aliyelisafisha, maana hakulijua. Aliendelea kufanya kazi yake.

Sasa hapa kwetu. Mpaka huu tunaokaa juu yake ni mchanga. Kabla ya mwaka wa 1902 pande zote mbili zilikuwa Uganda, ndipo jimbo la mashariki likahamishiwa upande wa Kenya. Wasamia na Wateso wako huku na huko, na mbwa wao vilevile, wala mbwa haonyeshi pasi akivuka. Lakini siku hizi naona kila mwenye ukuta mpya anatafuta mbwa wa kigeni wa manyoya mengi, na mbwa wa nyumbani anaachwa kula takataka sokoni. Kupenda mbwa wa kigeni si dhambi. Ila tujue kwamba yule mwenye manyoya mengi alifanywa na wachungaji wa nchi za baridi kwa kazi yao, na huyu wetu alifanywa na baba zetu kwa joto letu, majani yetu na maradhi yetu. Tororo tangu miaka ya 1950 imekuwa na kituo cha kuchunguza malale na mbung'o, kwa hiyo sisi twajua vizuri maradhi hayo. Na mwaka wa 2018 wataalamu walitangaza kwamba katika chembe za urithi za mbwa wa vijijini wa Afrika wameona dalili za kuzoea kupambana na vijidudu vya nchi za joto. Maarifa hayo yaliandikwa katika damu ya mbwa kwa miaka mingi sana, na hayauzwi dukani.

Uwindaji wa babu yangu umekwisha, na ni haki uishe, kwa kuwa wanyama wamepungua na sheria inawalinda. Siwaiti vijana warudi vilimani na mikuki. Nawaomba mambo mawili madogo. La kwanza, mchukue daftari na kalamu, mwaulize wazee wa kwenu jinsi mbwa walivyofundishwa, walivyopewa majina, na fungu gani la nyama lilikuwa la mwenye mbwa. Schweinfurth aliandika habari za mbwa wa Wazande katika majuma machache, hali hajui lugha yao. Ninyi mnajua Kisamia, Kiteso na Kidhopadhola, nanyi mna likizo tatu kila mwaka. La pili, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikitangazwa, msiseme huyu ni mbwa koko tu. Mfungeni kamba mkampeleke. Ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu hauponi, nao hauchagui kati ya mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini.

Mwisho, tusimkatae Daktari kwa makosa yake, wala tusimtukuze kwa sifa zake hata tukayafunika. Tujifunze kutazama kama alivyotazama, kwa subira, hata mkunjo wa mkia. Lakini mizani yake ya siku ile kwa Munza tuiache huko huko. Mbwa ana thamani yake, na mtu hana bei.

Wasalaam, ni mimi mwanafunzi wenu wa zamani, Busia.